Uzi: Nilitoka kununua viazi Nakuru, nikalala Kisumu (kisa cha aliyechoka na Juni na baridi yake)

#1 Dada_Saiba

Hamjambo wana jukwaa. Naandika nikiwa chini ya blanketi mbili, soksi miguuni, chai ya tangawizi pembeni. Naishi London. Ile ya Nakuru, si ya Uingereza, ingawa Julai hii mtu akikwambia zimebadilishana usimbishie. Ukungu unateremka kutoka mlima Menengai jioni, unalala juu ya mabati, na saa tatu asubuhi bado upo kama mpangaji asiyelipa.

Nimeona humu watu wakiuliza mtu afanye nini akichoka mpaka usingizi wenyewe haumsaidii. Sina jibu la kitaalamu. Nina kisa cha wikendi moja, na nitakileta kwa vipande kwa sababu wateja hawaniachi.

Nina saiba ndogo mjini. Kompyuta tano, printa moja yenye kiburi. Anayeijua kazi hii anajua Juni ni nini. Tarehe 30 Juni ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za mwaka uliopita, na Mkenya hawezi kukuletea ritani tarehe 3. Atakuja tarehe 28 saa moja jioni. Neno la siri halijui. Barua pepe aliyofungulia pini ya kodi ilikuwa ya mchumba waliyeachana. Laini aliyosajili ilianguka na simu chooni mwaka juzi. Na nyuma yake kuna foleni inayofika kwa fundi viatu.

Mwezi mzima nilikuwa naongea na watu bila kuwaona uso. Wanasimama nyuma yangu, wananisemea juu ya bega, macho yangu yako kwenye skrini. Kila mmoja anataka nimwamulie. "Dada, hapa niweke ndiyo au hapana?" "Dada, nikisema sina mapato watanishika?" Watu arobaini kwa siku, kila mmoja na maamuzi yake, yote yanapita kichwani mwangu.

Ijumaa ya kwanza ya Julai, foleni imekwisha, nikadhani nimepona. Akaja kijana kutoa nakala ya kitambulisho. Nikafunga mashine, nikabonyeza, nikampa karatasi yake, nikapokea shilingi kumi. Baada ya dakika mbili karudi, adabu tele: "Anti, hii nitaipeleka wapi?"

Nilikuwa nimempa nakala ya mkono wangu. Vidole vitano, pete, na kovu la kisu cha sukuma wiki. Kitambulisho chake nilikuwa bado nimekishika kwa mkono mwingine.

Nilifunga saiba saa kumi na moja jioni. Ngoja nihudumie mtu hapa, narudi.

#2 Konda_Mstaafu

Naweka kiti mbele kabisa. Nakala ya mkono! Hiyo ungeilaminesha.

#3 Bahili_Sugu

Nimesoma kichwa cha uzi. Yaani mtu anatoka kununua viazi anaishia kaunti nyingine? Nauli ya kwenda na kurudi ni gunia la makaa, na makaa yangekupa joto mwezi mzima hapo hapo London. Nipo, lakini nipo kwa kupinga.

#4 Dada_Saiba

Bahili, tulia, hesabu zako zitakuja.

Jumamosi asubuhi nilitoka nyumbani na kikapu kwenda sokoni. Sikuwa na wazo lolote la safari. Mtoto yuko shule ya bweni, nyumbani hakuna anayeningoja ila paka wa jirani. Nikapita kando ya steji, na makanga mmoja akawa anaita: "Kisumu moja, Kisumu moja wa mwisho, gari inatoka!"

Nilisimama nikamwangalia. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi. Katika ile baridi! Sisi wengine tumejifunga kama mizigo, yeye mikono wazi, kwa sababu mchana atakuwa Kisumu. Nadhani ni lile shati lililonimaliza.

Nikapanda. Sweta mbili, koti, soksi za sufu, mkoba, chaja, mwavuli na kikapu kitupu. Kwenye mkoba nilikuwa na elfu nane na kitu, jasho la ritani za watu.

Na nilipoketi nikahesabu. Nilikuwa wa tano.

#5 Konda_Mstaafu

Dada, nimepiga hiyo njia miaka kumi na mitatu. "Moja wa mwisho" ni lugha, si hesabu.

#6 Mwalimu_Molo

Naomba nichomeke kidogo somo langu, nafundisha jiografia. Watu hudhani Julai tunapata baridi kwa sababu jua limekwenda mbali. Nakuru na Kisumu zote ziko karibu na mstari wa ikweta, kusini yake kidogo tu, na urefu wa mchana haubadiliki wa kuonekana. Kinachotugandisha ni mwinuko pamoja na mawingu ya msimu huu yanayoziba jua. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko 1,130 na kitu. Hewa huongezeka joto takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazoshuka, kwa hiyo kwa kushuka tu umeshajipatia nyuzi nne au tano bila kulipa. Halafu kuna ziwa: maji hupoa polepole, usiku yanarudisha joto waliyoyameza mchana.

Ila lazima kwanza upande. Barabara inapita Mau Summit, zaidi ya mita 2,400. Hapo ni kwetu. Mkipita msifunge madirisha kwa dharau, tununulieni hata karoti.

#7 Konda_Mstaafu

Mwalimu kasema kweli, "joto yalilolimeza" lakini, sahihisha kabla wanafunzi hawajaona 😂

Na mimi niongeze la steji. Mwezi wa saba, asubuhi, ukielekea Kisumu kaa upande wa dereva. Msimu huu jua liko kaskazini yetu. Ukitoka Kericho kuteremka Ahero linakupiga upande huo moja kwa moja kama pasi. Upande wa pili utafika na bega moja la barafu. Makanga hawakuambii hili kwa sababu viti vya jua ndivyo wanavyowawekea jamaa zao.

#8 Mwalimu_Molo

Nimesahihishwa na konda mbele ya watu. Nakubali yote mawili, la lugha na la jua.

#9 Dada_Saiba

Konda, ungeniambia wiki iliyopita! Nilikaa upande wa makanga, bega langu la kushoto linakushuhudia.

Hadi Salgaa nilikuwa najiuliza nimefanya nini. Sachang'wan malori yametambaa, dereva wetu naye ana haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni, nikaanza kusali. Mau Summit ukungu ulikuwa mzito hata taa za gari la mbele ni madoa mawili mekundu. Gari zima kimya. Mama aliyekaa nami alikuwa na mtoto mgongoni, amemvika kofia, juu ya kofia leso, juu ya leso kofia ya koti. Pua tu ndiyo iliyokuwa Kenya.

Kericho tukakuta mvua nyembamba juu ya majani ya chai, ile kijani inayoonekana kama imepakwa mafuta. Tukala mahindi ya kuchoma dirishani.

Sasa sikilizeni hapa. Baada ya Kericho barabara inaanza kuteremka. Pale Kipsitet dereva alifungua dirisha lake inchi mbili. Hakuna aliyelalamika. Mzee wa mbele akavua kofia akaiweka gotini. Msichana wa nyuma akafungua zipu. Mama wa kando yangu akamtoa mtoto ile kofia ya koti. Kilomita chache mbele, leso. Tulipofika Awasi akavua kofia ya mwisho, na mtoto, ambaye tangu Nakuru nilimdhania mchanga, akawa na kichwa kikubwa cha nywele na macho yanayotazama kila kitu. Akanicheka.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimebaki na blauzi. Sweta mbili na koti vyote viko ndani ya kikapu cha viazi.

Na ndipo nikagundua mabega yangu yako chini. Sijui kama mnanielewa. Tangu Mei yalikuwa karibu na masikio: baridi inayavuta, skrini inayavuta. Pale kwenye mpunga wa Ahero, yangeyange wamesimama majini na mguu mmoja mmoja, mabega yalishuka yenyewe.

#10 Nyar_Kano

Umepita kwetu Awasi bila hata kushuka kunywa chai! Karibu sana nyanda za Kano. Hiyo ya kofia za mtoto nimeiona mara nyingi nikitoka Nairobi. Kurudi ni kinyume, unamvisha safu kwa safu.

#11 Bahili_Sugu

Bado sijaona kilichokushinda kufanya Nakuru. Ungekaa nyumbani, ufunge simu, ulale. Kuchoka si ugonjwa wa mahali. Unachukua uchovu wako unaupandisha matatu, unashuka nao.

#12 Dada_Saiba

Bahili, hoja yako si mbaya, na ningeikubali kama nisingekuwa nimeijaribu. Mwaka jana nilikaa nyumbani siku nne za "kupumzika". Siku ya kwanza nilifua mapazia. Ya pili mama mwenye nyumba alinigongea nimsaidie kutuma maombi ya kazi ya mwanawe. Ya tatu wakaja wawili wa kanisa. Nyumbani kila kitu kinakujua jina.

Na safari za kupanga nazo nimezijaribu. Sisi wa chama tulifungua kikundi cha simu cha kwenda Mombasa. Kilikuwa na mweka hazina, katibu na kamati ya chakula. Kilikufa kwa ugomvi wa nani alale na nani, hatujawahi kuona hata treni.

Hii ilifaulu kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuiharibu, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

#13 Mvuvi_Dunga

Tuambie ulipofika. Hawa wa baridi wakifika huku huwa wanasimama juani kama kenge.

#14 Dada_Saiba

Ndivyo nilivyosimama! Nilishuka saa sita kasorobo. Nilinunua slipa za mia na hamsini na dera la mia tano, nikaomba nafasi kwenye duka la mama mmoja nikabadilisha pale pale nyuma ya pazia. Soksi za sufu zikaungana na koti kwenye kikapu. Nikachukua tuktuk hadi Dunga.

Pale ufukweni kuna akina mama wanaokaanga samaki. Mmoja aliniita, "Nyathina, mwanangu, njoo uchague." Akanipeleka kwenye beseni, akainua ngege mmoja, akafunua shavu lake kwa kidole gumba nione wekundu wa ndani, akaniangalia bila kusema kitu. Nikakubali. Akamkwaruza magamba, akamchanja mistari ya mshazari huku na huku mpaka kisu kikagusa mfupa, akamsugua chumvi ndani ya kila mkato, kisha akamwingiza kwenye karai la mafuta akitanguliza kichwa, taratibu, huku ameshika mkia mpaka mwisho. Ile sauti ya mafuta!

Akaniuliza: "Mkavu ama wa mchuzi?"

Nikakaa kimya kidogo. Nikatambua kwamba hilo ndilo swali pekee nililoulizwa siku nzima. Mwezi mzima maswali arobaini kwa siku, leo ni moja, na majibu yote mawili ni matamu.

Nikasema mkavu. Akaleta na ugali, mboga ya osuga na kachumbari. Nikala upande mmoja, nikageuza, nikala upande wa pili, nikataka kuacha kichwa. Mama akavuta kiti. "Hapo ndipo penye samaki." Akanionyesha pa kubonyeza ili shavu litoke zima. Tulikaa pale karibu saa nzima tukiongea mambo ya watoto na shule, na alikuwa ananiangalia usoni anapoongea. Nilikuwa nimesahau hilo linavyokuwa.

Mikono yangu ilikuwa inanuka wino wa printa tangu mwezi wa tano. Jioni ile ilinuka samaki. Niliiosha mara moja tu.

#15 Msukuma_wa_Ziwani

Hongera dada. Mimi nipo Mwanza, ziwa ni hilo hilo, samaki ni huyo huyo ila huku tunamwita sato. Tuktuk ndiyo bajaji? Sisi miezi hii ni kiangazi, ukavu na upepo wa ziwani, usiku unatafuta shuka. Siku ukipandwa tena na wazimu vuka mpaka uje, tuna mawe yamebebana mjini utafikiri mtu aliyapanga.

#16 Dada_Saiba

Kaka, ndiyo bajaji. Usinipe mawazo.

#17 Kliniki_ya_Mtaa

Naona hakuna aliyetaja malaria, nami ndiyo kazi yangu. Wenzetu wa Nakuru, Molo na huko juu, miili yenu haijazoea malaria kama ya mtu aliyekulia ufukweni, na ikiwashika huwashika vibaya. Kanda ya ziwa malaria ipo mwaka mzima. Laleni ndani ya chandarua hata kama chumba kina feni, vaeni mikono mirefu jioni. Mwenye mimba au mtoto mdogo aonane na mhudumu wa afya kabla ya safari.

Na hili mlishike: mbu hakuumi leo ukaugua kesho. Huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Unakuwa umesharudi kwenye baridi yako, unasikia kutetemeka, unasema ni Julai. Ukipata homa baada ya safari kama hii nenda upimwe, na useme kwa mdomo wako kwamba ulikuwa Kisumu. Wengine hufika kwetu wamechelewa kwa sababu walitibiwa mafua.

#18 Dada_Saiba

Asante daktari. Chumba kilikuwa na chandarua, kina tundu moja nikalifunga fundo. Leo ni siku ya tisa, nipo salama, lakini nimeiandika kwenye kalenda ya saiba hadi mwisho wa mwezi.

Mambo ya chumba niyaseme kidogo. Nilipata gesti ya elfu moja mia tano kwa usiku. Nitaiacha bila jina kwa sababu walikuwa watu wazuri. Niliahidiwa maji ya moto. Nikafungua bomba, hakuna. Nikaita, akaja kijana na bisibisi, akaigusa-gusa ile hita, akaniambia kwa huzuni imekataa. Nikajiandaa kwa mateso nikaingia chini ya maji baridi. Baridi gani? Yalikuwa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Yule kijana alikuwa bado nje ya mlango anaomba msamaha.

Nililala saa tatu usiku. Simu nilikuwa nimeizima tangu Ahero. Niliamka saa mbili asubuhi kwa ngoma za kanisa fulani mbali, na kwa dakika nzima sikukumbuka niko mji gani.

#19 Nyar_Kano

Jumapili ulifanya nini? Usiniambie ulilala siku nzima na soko la Kibuye liko wazi.

#20 Dada_Saiba

Kibuye nilikwenda, nikapotea, nikatokea kwenye mabeseni, nikapotea tena kwenye mitumba. Sikununua kitu. Nilifurahia kutembea mahali ambapo watu wana haraka na mimi sina.

Kisha nikashuka mjini kwa miguu, barabara ya Oginga Odinga. Ule mnara wa saa nilikuwa nimeupita miaka iliyopita nikiwa na haraka za mazishi. Safari hii nilisimama nikausoma. Ulizinduliwa mwaka 1938, watoto wa Kassim Lakha waliujenga kumkumbuka baba yao, mfanyabiashara wa enzi za mwanzo. Mtu anapita mnara mara kumi na hajui kwamba ni watoto wanamlilia mzazi. Mji wenyewe uliota pale reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Kwa hiyo ukipiga hesabu, sisi wa Nakuru tuliopewa hati ya jiji Desemba 2021 bado tunanukia rangi mpya. Kisumu wenzetu ni jiji tangu 2001. Nilimwambia mwenye tuktuk kwamba nimetoka jiji hadi jiji, akacheka mpaka akakosa kona.

Jioni Hippo Point. Jua linazama hapo kuelekea saa moja kasoro hivi. Watu wamekaa kwenye mawe, watoto wanakula njugu. Viboko sikuwaona, nikashukuru. Kulikuwa na mwanamume amemshika mkono mama yake mzee sana, anamweleza kila rangi inavyobadilika, nikaelewa kwamba mama haoni. "Sasa imekuwa kama embe. Sasa kama embe lililoiva zaidi." Nilisogea karibu kidogo nisikilize. Naomba Mungu anisamehe, ila machweo yale niliyaona kupitia kwake kuliko kwa macho yangu.

Kabla ya hapo nilitaka mashua. Jamaa mmoja aliniambia elfu tatu kwa saa. Peke yangu! Nikaondoka. Baadaye nikaungana na familia ya watu sita tukalipa mia tatu kila mmoja.

#21 Mvuvi_Dunga

Dada, pole kwa huyo wa elfu tatu. Alikuona na slipa mpya. Ulivyofanya ndivyo: mashua hugawanwa. Mkiwa wengi bei inashuka.

Niwape ya kwetu. Ziwa lina zamu. Usiku hadi asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, mapema maji yametulia, ndiyo saa nzuri ya kuona ndege kwenye mafunjo. Mchana unageuka, upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na alasiri unaweza kuleta mawimbi na radi. Wingu jeusi likisimama upande wa ziwa, usipande mashua hata ukipewa bure. Na jaketi la kuelea ulivae, si la kukalia. Nimeona wageni wanaliweka chini ya makalio kwa sababu ubao ni mgumu.

Kitu kingine ni gugu maji. Linaendeshwa na huo huo upepo. Leo ufuo uko wazi, kesho umeamka ni shamba la kijani na mashua haitoki. Usimlaumu nahodha.

Ukija tena njoo usiku wa giza, usio na mwezi. Utaona taa za wavuvi wa omena (dagaa) zimejipanga majini. Omena hufuata mwanga, ndiyo maana tunamvua gizani. Mgeni mmoja aliniuliza huo ni mji gani ng'ambo. Nikamwambia huo mji asubuhi unauzwa kwa mkebe.

#22 Mwalimu_Molo

Huyu Mvuvi aje afundishe darasa langu upepo wa bahari na wa nchi kavu. Mimi huchora mishale ubaoni na hawaelewi.

#23 Jirani_wa_Manyatta

Mimi nacheka tu. Ninaishi Kisumu, na nikichoka nakimbilia Nakuru! Februari huku usiku ni jasho, unageuza mto kila saa kutafuta upande wenye baridi. Mwaka huu nilipanda gari hivyo hivyo bila mpango, nikafika Nakuru jioni, nikaomba blanketi la pili. Nililala kama jiwe. Asubuhi nikapanda hadi ukingoni Menengai, nikatazama lile shimo, upepo unanipiga masikio mpaka yakauma, nikasema asante. Dada, mimi na wewe tunapishana Awasi.

#24 Dada_Saiba

Jirani, tubadilishane funguo. Blanketi mbili ziko kitandani, paka si wangu.

#25 Bahili_Sugu

Uliahidi hesabu.

#26 Dada_Saiba

Haya. Nauli mia nane kwenda, mia nane kurudi. Chumba elfu tatu kwa usiku mbili. Ngege wa Jumamosi na mazagazaga yake mia sita. Chakula cha Jumapili mia tano na hamsini. Tuktuk na boda mia nne. Slipa na dera mia sita na hamsini. Chai, mandazi na maji mia mbili. Mashua mia tatu. Jumla elfu saba mia tatu. Viazi na vingine vya kikapu sijavitia, hivyo ningevinunua hata bila safari.

#27 Bahili_Sugu

Nimejumlisha mara mbili, ziko sawa. Slipa mia na hamsini ulipigwa.

#28 Chai_ya_Kericho

Uzi mzima sisi tumetajwa kama mvua na mahindi. Sawa tu.

#29 Dada_Saiba

Kericho msinune, nakuja na mwavuli.

Nimalizie. Jumatatu nilirudi na gari la asubuhi. Kuanzia Kipsitet kila mtu akaanza kuvaa. Mimi nilikuwa wa mwisho, nilivumilia na dera mpaka Kericho, makanga akanitazama kwa huruma. Mau Summit nilivaa vyote, na Mwalimu, karoti nilinunua, pamoja na vile viazi. Kikapu kilirudi nyumbani kimejaa kama kilivyotumwa.

Simu nilipoiwasha ilitetemeka muda mrefu mezani. Ujumbe sitini na kitu. Niliusoma wote kwa nusu saa. Hakuna hata mteja mmoja aliyekuwa amekufa kwa kunisubiri. Wawili walikuwa wameshajitatulia wenyewe, mmoja alikuwa amepata neno lake la siri kwenye daftari la mkewe.

Kusema kwamba nimepona kabisa itakuwa uongo. Jumatano niliwakaripia wateja wawili. Lakini nimeanza kufunga saa saba mchana kwa nusu saa na kukaa juani kwenye ngazi za jengo, likitokea. Na kiti changu nimekigeuza. Sasa wateja wanakaa mbele yangu.

Yule kijana wa kitambulisho alipita Alhamisi. Nikampa nakala yake bure, nzuri, pande zote mbili. Ile ya mkono alikuwa bado nayo, imekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Nikaiomba. Nimeibandika ukutani, chini ya tangazo la "Leo hatukopeshi".

#30 Konda_Mstaafu

Nilisema uilaminishe.

#31 Dada_Saiba

Nimeilaminisha.

#32 Nyar_Kano

Mwezi wa nane shule zikifungwa uje na mtoto. Mlale kwetu Awasi, hakuna hita ya kukataa, kuna sufuria.

#33 Bahili_Sugu

Swali kwa Konda, si kwa sababu yoyote. Ukitoka Nakuru Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, bado upande ni ule wa dereva?

#34 Konda_Mstaafu

😂😂😂 Ule ule. Wahi.

#35 Bahili_Sugu

Niko steji. Nimebeba chai kwenye chupa na mayai manne ya kuchemsha, nauli tu ndiyo itakayonitoka. Makanga anasema moja wa mwisho. Nimehesabu, mimi ni wa sita, na upande wa dereva umejaa.

#36 Konda_Mstaafu

Muulize wanaoshuka Kericho ni nani na nani. Kiti kimoja cha jua kitapatikana hapo.

#37 Bahili_Sugu

Wawili. Mmoja anataka yai.